Anko Santuri anajibu: McCartney, London, na maswali yenu

Toleo lililopita nilidokeza tu kwa mistari miwili kwamba Desemba 2024 nilikuwa ndani ya ukumbi wa O2 kule London namwangalia Paul McCartney kwa macho yangu na watu wanalia, nikapita nikaendelea na mambo mengine, kumbe nimechokoza nyuki. Tangu hapo simu haijapoa, meseji, voisi za WhatsApp ndefu ndefu, barua ya mkono kutoka Arua, na jamaa mmoja ananiuliza akiwa kwenye lori njiani kwenda Juba. Basi leo ukurasa wote ni wa hilo tu, wale wa maswali ya redio na spika mnisubiri mwezi ujao.

Kwa vijana mnaouliza huyo ni nani: ni Mwingereza wa Liverpool, kazaliwa Juni 1942, alikuwa mmoja wa wale wanne wa Beatles mpaka walipoachana 1970, akaunda bendi ya Wings, Wings ikafa, yeye akaendelea mpaka leo. Mimi nilimjua kwa redio ya baba kwenye nyumba za reli Tororo, kabla sijajua hata Kiingereza cha kuombea maji, kwa hiyo msinitegemee niandike kama mtu wa pembeni, naandika kama shabiki.

Asalaam aleikum Anko. Mimi na wewe umri haupishani sana. Mjukuu wangu alinionyesha video kwenye simu, huyo mzee wenu anaimba na sauti imekwisha, inatetemeka, juu haifiki. Niambie ukweli bila kunificha, umetoa pesa yote hiyo na kupanda ndege kwenda kusikiliza sauti ya namna hiyo? – Mzee wa Bombo

Waaleikum salaam mzee wangu. Sauti imechakaa, ndiyo. Usiku ule alikuwa na miaka 82, na zile nyimbo za kelele za ujana wake anaziingia kwa uangalifu, pale pa juu kabisa mara anapafika mara anapaacha, wenzake wanamwitikia ili wimbo usianguke, hasa yule mpiga ngoma wake Abe Laboriel Jr., mtu mwenye mwili mkubwa na koo tamu ajabu. Hayo yote utayasikia na hakuna haja ya kujifanya huyasikii.

Ila ile video inakuonyesha koo tu. Haikuonyeshi kwamba huyo mtu alisimama jukwaani zaidi ya saa mbili na nusu, nyimbo zaidi ya 30, anatoka kwenye besi anaenda kwenye gitaa, anatoka kwenye gitaa anaenda kwenye piano, anarudi tena kwenye besi, na sikumwona akigusa maji hata tone, na hiyo ni tabia yake inajulikana miaka yote. Mimi nikipanda ngazi za jengo la posta Kampala natafuta pa kukaa.

Alafu kuna hili ambalo ndilo lilinimaliza. Unaujua ule wimbo wa Let It Be, hata kwaya za shule zetu zinauimba na wengi wanadhani huyo Mama Mary ni Bikira Maria. Huyo ni mama yake mzazi, aliitwa Mary, alikuwa muuguzi na mkunga, alifariki 1956 Paul akiwa na miaka 14, na baadaye sana akiwa kwenye fujo za mwisho wa Beatles akamwota mama yake anamtuliza, ndio akaandika. Wimbo ulipotoka 1970 alikuwa na miaka 27, kijana, sauti laini kama unavyoikumbuka kwenye redio. Sasa nimekaa pale O2 namwangalia mtu wa miaka 82 kwenye piano, nywele nyeupe, anamwita mama aliyezikwa miaka 68 iliyopita, na ile sauti inapokwaruza kwenye neno la mama, mzee wangu, sauti laini ya mwaka 1970 isingeweza kunifanyia vile. Ile ya zamani ninayo nyumbani kwenye santuri, sikuhitaji kupanda ndege kuifuata. Nilimfuata yeye alivyo leo, na wewe ukienda nenda hivyo hivyo, masikio yako yasiende na rula ya kupimia, utakosa kitu kikubwa kilicho mbele yako.

Anko habari ya siku mingi. Kuna ubishi hapa kibandani kwetu, mmoja anasema McCartney aliishi Nigeria na Fela akamchapa makofi, mwingine anasema ni uongo hajawahi kukanyaga Afrika. Tumalizie huu ubishi tafadhali, kuna soda imewekwa. – Fundi redio, Busia

Nzuri fundi. Soda igawanywe nusu kwa nusu.

Kukanyaga alikanyaga, tena alifanya kazi kubwa. Mwaka 1973, mwezi wa nane, alienda Lagos kurekodi albamu ya Wings inayoitwa Band on the Run kwenye studio ya EMI kule Apapa. Alitaka sehemu ya mbali na ya jua. Kabla hata ya kuondoka mambo yakaharibika, mpiga gitaa alijitoa na mpiga ngoma naye akajitoa dakika za mwisho, wakabaki watatu tu, yeye, mkewe Linda na Denny Laine, ndio maana ukisikiliza ile albamu ngoma unazozisikia amezipiga Paul mwenyewe, na kazi nyingi ya gitaa waligawana yeye na Denny. Wakiwa huko wakavamiwa usiku wakitembea, watu wenye visu wakawanyang'anya mfuko uliokuwa na kanda za majaribio na maneno ya nyimbo, kwa hiyo vitu vingi ilibidi avirudishe kwa kichwa tu. Fundi, wewe unajua maana ya kupoteza kanda ambayo haina kopi.

Sasa Fela, yule mwanamuziki mkubwa wa Nigeria. Makofi hakuna. Fela alilalamika hadharani kwamba huyu mzungu amekuja kuiba muziki wa watu weusi, na kwa enzi ile mtu mweusi kuwa na wasiwasi huo ni haki yake kabisa, wangapi walishaibiwa. McCartney akamwita studio akamsikilizisha nyimbo alizorekodi, Fela akasikiliza akaona hamna kitu chake mle ndani, yakaisha. Na McCartney mwenyewe amesimulia mara nyingi kwamba alipoenda kuwaona Fela na bendi yake wakipiga pale Shrine, klabu yake Fela, alilia machozi kwa uzuri wa muziki. Mimi hilo la mwisho ndilo nalipenda zaidi, kwa sababu linaonyesha huyu naye amewahi kukaa upande wa shabiki, kwenye kiti, mbele ya jukwaa la Mwafrika.

Nyimbo za ile albamu bado anazipiga mpaka leo, na pale O2 Band on the Run ilipoanza mimi nilipiga kelele "Lagos!" na jirani yangu akageuka, nikamwelezea yote hayo niliyokuandikia, mama wa watu hakuwa anajua.

Shikamoo Anko. Mimi ni binti, nafanya kazi hapa Ntinda. Baba yangu ana miaka 71, nyimbo za Beatles ndizo alizotulea nazo, jumapili baada ya kanisa ilikuwa Beatles na Jim Reeves. Tumechanga mimi na kaka zangu, tunataka kumpeleka baba akamwone McCartney au hata mkongwe mwingine wa rika lake kabla hajachoka zaidi. Tuanzie wapi na tuangalie nini? – Binti wa Ntinda

Marahaba mwanangu, na Mungu awazidishie. Hii barua nimeisoma mara nyingi kuliko zote.

Anza na tarehe, sio na ndege. Fuata tovuti rasmi ya mwanamuziki mwenyewe, wakongwe hawa hawatangazi kila siku, na wakitangaza tiketi zinaondoka saa hiyo hiyo, kwa hiyo mmoja wenu mwenye intaneti ya uhakika awe macho asubuhi ya mauzo, kadi ya benki imeshajaribiwa kwamba inalipa nje. Nunueni kwa muuzaji ambaye ukumbi wenyewe umemtaja. Hili nalisema kwa uchungu kwa sababu mlangoni kulikuwa na kijana ametoka mbali, ameuziwa tiketi mtandaoni na mtu asiyemjua, ikasomwa pale kwenye mashine ikakataa, alibaki amesimama na simu mkononi huku watu wanampita. Tiketi ziko kwenye simu, kwa hiyo simu ya baba iwe na chaji, au ziwe zote kwenye yako na muingie pamoja.

Viza ndio mlima. Ile ya kutembelea Uingereza ilikuwa pauni 115 nilipoomba mimi mwaka 2024, Aprili 2025 ikapanda ikawa 127, na wakikunyima hela hairudi, kwa hiyo angalieni bei ya siku hiyo na mjaze kwa makini. Kwa kawaida jibu linachukua kama wiki tatu ila msikate karibu, ombeni mapema. Kwa mtu wa umri wa baba yenu wanachotaka kuona ni kwamba ana cha kumrudisha nyumbani, pensheni, shamba, nyumba, wajukuu, na nyinyi mnaolipa muonyeshe hela imetoka wapi, barua yenu na taarifa za benki zinazoeleweka, isiwe hela imeingia jana yote kwa mkupuo. Na andikeni ukweli kwamba anaenda kwenye konsati, ni sababu halali kabisa, mimi niliandika hivyo hivyo na tiketi nikaiambatanisha. Ndege sasa imekuwa rahisi kidogo kwa wazee, tangu Mei 2025 Uganda Airlines inatoka Entebbe moja kwa moja hadi Gatwick, mimi nilizungukia Addis na magoti yalinikumbusha.

Sasa viti, hapa nisikilize vizuri. O2 ni ule mkubwa uliojengwa kwa ajili ya mwaka 2000, wa nguzo za njano zilizochomoza juu, na ndani ukumbi unabeba watu kama 20,000. Sehemu ya juu kabisa ni bei nafuu kidogo lakini mwinuko wake ni mkali mno, ngazi nyembamba, ukisimama unaona kama utaanguka jukwaani. Mimi nilikaa huko huko juu, na nilimwona mzee mmoja ameshika reli kila hatua na hakuinuka tena mpaka mwisho. Kwa baba wa miaka 71 lipeni zaidi mkae chini chini pembeni, au waandikieni ukumbi mapema mkieleza hali ya magoti yake, wana sehemu za watu wasioweza ngazi. Mkoba usizidi ukubwa wa karatasi ya A4, nilishuhudia mama anarudishwa na pochi lake. Treni ni Jubilee, mnashuka North Greenwich, ukitoka tu uko mlangoni. Ikiwa ni Desemba basi saa kumi jioni giza limeshaingia na baridi ile inapita kwenye koti, mnunulieni glovu na soksi nzito kabla ya kumnunulia fulana ya kumbukumbu. Na vizibo vya masikio, vile vidogo vya sponji, sauti ya mle ndani ni kubwa na masikio ya wazee hayasamehi, muziki wote utausikia tu.

Kitu cha mwisho kwenu, msimwambie baba nyimbo zitakazopigwa. Orodha ipo mtandaoni kila baada ya shoo na nyinyi vijana mtaisoma. Mwacheni akutane nazo.

Anko mimi ni mtu wa lori, nasikiliza redio usiku kucha. Ulisema watu walikuwa wanalia ukumbini. Wanaume wazima? Kwa wimbo? – Dereva, njiani Juba

Wanaume wazima, ndugu yangu, na mimi nikiwemo.

Ngoja nikueleze ilivyokuwa. Kuna sehemu katikati anabaki peke yake na gitaa, kipande cha jukwaa kinampandisha juu taratibu, bendi yote imebaki chini gizani, na anaimba Here Today. Ule ni wimbo aliouandika kwa ajili ya John Lennon, mwenzake wa Beatles, baada ya John kupigwa risasi New York, Desemba 1980. Ni mazungumzo ambayo hawakuwahi kumaliza, na kila anapouimba ni kama anajaribu tena kuyamaliza. Kabla ya hapo anasema maneno machache kuhusu umuhimu wa kumwambia mtu unampenda akiwa bado yupo. Baadaye anachukua kale kagitaa kadogo, ukulele, ambako alipewa na George Harrison mwenyewe, naye wa Beatles, anaanza wimbo wa George na hako kadogo peke yake, ukumbi wa watu 20,000 kimya, alafu katikati bendi nzima inaingia na picha za George kwenye skrini. George alifariki 2001.

Na kama hiyo haitoshi, kuelekea mwisho anapiga wimbo na John mwenyewe. Yaani kuna ile filamu ya Januari 1969 walipopiga juu ya paa la ofisi yao London, mafundi wakaitoa sauti ya John peke yake wakaiacha safi, basi Paul anaimba pale chini jukwaani na John anamjibu kutoka kwenye skrini. Na Paul anageuka, mgongo kwa watu, anamwangalia rafiki yake. Mmoja kijana wa miaka 28 na nywele zinapeperushwa na upepo, mwingine mzee wa miaka 82, wanapokezana mistari.

Dereva, wewe ni Mganda, unalijua hili bila mimi kukufundisha. Kila Desemba ikifika si tunapigiwa nyimbo za Krismasi za Philly Lutaaya kwenye kila redio, kila takisi, kila duka la Owino? Huyo mtu aliondoka Desemba 1989, baada ya kusimama mbele ya nchi nzima na kusema ana ukimwi wakati hakuna mtu maarufu aliyethubutu, na bado kila mwaka anarudi anatuimbia sikukuu kwa sauti ile ile ya furaha. Ukiwa peke yako usiku barabarani ikapigwa ile, huwa unabaki mkavu? Basi ndio hivyo hivyo, ila pale aliyebaki alikuwepo mwenyewe amesimama anaitikia.

Anko naomba uniambie vizuri habari ya lile gitaa lililopotea, kaka yangu anasema ni stori ya kutunga ya kuuzia tiketi. – Mpiga besi wa kanisani, Mbale

Sio ya kutunga, na wewe kama mpiga besi utaelewa kuliko kaka.

Ile besi ni Höfner, ya umbo la fidla, ya mkono wa kushoto, aliinunua Hamburg mwaka 1961 kwa kama pauni 30 wakati Beatles wanapiga kwenye vilabu vya usiku huko na hawana kitu. Ndiyo iliyorekodi nyimbo zao za kwanza zilizowatoa. Mwaka 1972 ikaibiwa usiku ndani ya gari, mtaa wa Notting Hill, London, na watu wakaitafuta weee. Mwaka 2023 kundi la wapenzi wake likaanzisha msako wa wazi, watu wakaanza kutoa taarifa, ikapatikana darini kwenye nyumba moja ya kawaida kule Sussex, na mwanzoni mwa 2024 ikatangazwa kwamba imerudi kwa mwenyewe, imechoka lakini mzima.

Mimi nilikuwepo usiku wa tarehe 19 Desemba, shoo ya mwisho ya mwaka ule. Kwanza akamwita Ronnie Wood wa Rolling Stones kwa ajili ya wimbo wa Get Back, watu wakashangilia, alafu ndio ikaletwa ile besi, mara ya kwanza kuonekana jukwaani baada ya miaka 50 na zaidi. Nilikuwa juu sana kwa hiyo niliitazama kwenye skrini: ndogo, rangi ya kahawia imekwanguka, na haikuwa inang'aa kama ile nyingine aliyoizoea. Ila sauti! Wewe unaijua sauti ya Höfner, haivumi kifuani, inadunda kama mti mkavu, fupi fupi. Niliisikiliza ile besi peke yake wimbo mzima nikasahau kwamba kuna magitaa mengine. Ndio mara ya kwanza niliona mtu anapiga chombo na uso wake umekuwa wa kijana aliyekinunua.

Usiku huo huo, kwenye nyimbo za mwisho, akatoka Ringo Starr, miaka 84, akakaa kwenye ngoma. Wawili waliobaki kati ya wanne, jukwaa moja. Sina maneno ya kuongeza hapo na sitayatafuta.

Hujambo Anko, nina swali pengine la aibu. Mle ndani si ulikuwa mtu mweusi peke yako? Hukujisikia kama umepotea njia? – Dada wa Jinja

Sijambo dada, wala sio la aibu. Peke yangu hapana, ila tulikuwa wachache, na safu yangu nilikuwa mimi tu. Dakika za mwanzo nilijikunja kidogo kwenye kiti, ndiyo. Alafu kuna vijana watatu wa tarumbeta na saksofoni, wanajiita Hot City Horns, mara ya kwanza hawatokei jukwaani, wanatokea katikati ya watazamaji huko huko kwenye viti, taa inawamulika ghafla na wanapuliza, watu wote wakasimama kugeuka na mimi nikasimama nao, sikuketi tena kwa muda mrefu. Jirani yangu alikuwa bibi amekuja na mjukuu wa kike wa kama miaka 12, na mtoto alikuwa anayajua maneno kuliko mimi.

Ilipofika Hey Jude, ule mwisho wa naa naa naa, mzee anasema wanaume peke yao, sasa wanawake peke yao, sasa wote. Pale dada hakuna anayeulizwa ametoka wapi. Mimi niliimba kama tulivyokuwa tunaimba kwenye nyumba za reli, maneno nusu tunayajua nusu tunayabuni, na ule mwisho hauna hata neno la kubuni, mtoto wa Tororo na bibi wa Uingereza wanaimba kitu kile kile. Mjukuu wake ndiye aliyenishika mkono tuuyumbishe. Nimebaki nampenda mtoto yule.

Anko kwa nini hawa mastaa wakubwa wa roki hawaji Kampala? Hatuna mashabiki? – Mwanafunzi, Makerere

Mashabiki tunao. Kwa ninavyoona mimi tatizo ni nyumba na njia. Shoo ya namna ile inatembea na malori ya vyuma, taa, skrini, na mafundi wengi, wanataka ukumbi uliofunikwa wenye paa linalobeba tani za vifaa, alafu wanataka miji kadhaa iliyo karibu karibu wapige mfululizo, London leo, Manchester kesho. Sisi kubwa zetu ni viwanja vya wazi, Kololo, Lugogo, Namboole, mvua ikinyesha umekwisha. Majirani zetu Rwanda walifungua ukumbi wao Kigali mwaka 2019, sasa unaitwa BK Arena, watu kama 10,000, na mastaa wa Marekani wameshaanza kushuka pale, Kendrick Lamar 2023, John Legend 2025. Kigali ni safari ya basi ya usiku mmoja tu, anza kuweka akiba. Na sisi tudai wetu, kwa sababu tunajenga viwanja vya mpira kwa ajili ya AFCON 2027 na sijasikia mtu akitaja ukumbi wa muziki.

Mheshimiwa Anko, nakuandikia kwa mkono kwa sababu simu yangu ni ya tochi. Mimi ni mjane, mwalimu mstaafu, nyimbo hizi tuliimba chuoni na marehemu. London sitaiona mimi, najua. Je, kuna kitu mtu kama mimi anaweza kufanya, au ni kusoma tu habari zako? – Mwalimu, Arua

Mwalimu wangu, shikamoo. Barua yako nimeiweka mwisho kwa makusudi ili niwe na nafasi.

Kwanza zile nyimbo ni zako tayari, uliziimba na mwenzako, hakuna tiketi inayoweza kukuongezea hapo. Nitakurekodia nyimbo za ile shoo kadiri niwezavyo, zile ambazo zimetolewa rasmi, niziweke kwenye kadi ndogo ya memori pamoja na karedio kale kanachosoma kadi, kuna mtu wa basi la Arua ninayemwamini, nitumie jina la stejini utakapokachukua.

Pili, na hili nawaambia wote waliouliza kwa njia moja au nyingine. Hapa hapa Uganda tuna bendi ya Afrigo, ilianza 1975, hesabu mwenyewe ni miaka mingapi, na Moses Matovu aliyekuwepo tangu siku ya kwanza bado anapuliza saksofoni na kuimba. Amepita enzi za Amin, vita, kafyu, redio ikizimwa na kuwashwa, wanamuziki wenzake wameondoka mmoja mmoja, yeye bado anavaa vizuri anapanda jukwaani. Nilipotoka London niliporudi tu nilienda kuwatazama, na nilikaa karibu mno, meza ya mbele, mbali na ile ngazi ya nne ya O2. Niliona vidole vyake kwenye vitufe vya saksofoni, niliona anavyovuta pumzi kabla ya mstari mrefu, mabega yanapanda kwanza, anasubiri ngoma ipite, ndio anaingia. Hapo hakuna skrini, ni yeye na wewe. Tiketi yake haifiki hata bei ya chakula cha uwanja wa ndege.

Mwalimu, ukija Kampala kuwaona wajukuu, uniandikie wiki mbili kabla, nitauliza wanapiga wapi na siku gani, na kiti cha mbele ni juu yangu. Wengine mlioko Kampala tayari nendeni hata wikendi hii, mkirudi niandikieni alianza na wimbo gani.